pbuilder, sbuild au Guix: tujengee vifurushi wapi?

fundi_chanzo
Wakuu, mpaka leo najenga vifurushi vya Debian (programu zilizofungwa tayari kusakinishwa kwenye mfumo huo wa Linux) kwenye kompyuta yangu ya kila siku. Juzi nilimpa mwenzangu msimbo chanzo uleule. Kwangu ulijengeka bila neno, kwake ukagoma: zlib.h, faili la maktaba ya kubana data, haionekani. Kumbe mimi nilishaweka zlib1g-dev, kifurushi chenye faili hilo, zamani kwa kazi nyingine, nikasahau kuitaja kwenye Build-Depends, orodha ya vinavyohitajika wakati wa kujenga. Nataka mfumo usionifichia mambo kama haya. Nitumie upi?

mashine_kuukuu
pbuilder. Inatunza Debian ndogo ndani ya faili moja, base.tgz. Kila ujenzi inalifungua upya, inaweka vilivyotajwa kwenye Build-Depends tu, ikimaliza inafuta kila kitu. Kosa lako lingeonekana siku hiyohiyo. Ila utahitaji ruhusa za root, yaani za msimamizi mkuu wa mashine.

nukta_mkato
Mimi ningeanza na sbuild, nayo hujenga ndani ya Debian safi. Ndiyo inayotumika kwenye seva za ujenzi za Debian yenyewe, kwa hiyo kikipita kwako, huko hakikuaibishi ovyo. Na root si lazima: andika `$chroot_mode = 'unshare';` kwenye faili lake la mipangilio, ~/.sbuildrc. Kuhusu kufungua faili kila mara, hapo na pbuilder ni sare, tusidanganyane.

alama_ya_heshi
Mbona Guix, kidhibiti vifurushi cha GNU, hamuitaji? Kila kifurushi kinakaa ndani ya /gnu/store, na jina lake linabeba heshi, alama inayokokotolewa kutokana na vyote vilivyokijenga. Matoleo mawili ya maktaba moja yanakaa pamoja bila kugombana. Halafu kuna `guix build --check`: inajenga tena na kulinganisha matokeo. Hiyo ilinikamatia kifurushi kilichokuwa kinachomeka saa ya ujenzi ndani ya faili, kila ukijenga kinatoka tofauti. Bila hiyo nisingejua kabisa.

nukta_mkato
Sawa, lakini jamaa anataka .deb, faili la kifurushi cha Debian.

alama_ya_heshi
`guix pack -f deb` ipo.

nukta_mkato
Ipo, na inabeba tegemezi zote tumboni. Hiyo si .deb ya kupeleka kwenye hazina ya Debian.

alama_ya_heshi
Hapo umenipata 😄 Na diski inaliwa kweli, `guix gc`, amri ya kufuta visivyotumika, ni rafiki yangu wa karibu.

fundi_chanzo
Nimejaribu sbuild usiku huu, makusudi bila kurekebisha chochote. Imegoma palepale, zlib.h. Nikaongeza zlib1g-dev, ikagoma tena: pkg-config, zana ya kutafuta maktaba, nayo sikuwa nimeitaja! Sasa imepita. Mwenzangu hata hakufika kwenye kosa la pili.