Naomba ushauri: chumba na sebule Igogo, vitabu katoni 11, napikia humohumo. Nianzie wapi?

Kurasa_Kimya (mleta mada)

Wakuu, habari za jioni. Dada wa miaka 31 hapa, naishi peke yangu. Nimepata chumba na sebule Igogo, Mwanza, kule juu mlimani, na kwa mara ya kwanza maishani nataka nyumba ikae ninavyotaka mimi. Nina katoni 11 za vitabu. Sebule nataka iwe ya kusomea: rafu moja ndefu, kiti kimoja cha maana, mkeka, pazia zito, taa ya mwanga wa njano isiyochoma macho. TV sitaki.

Shida ni mbili. Rafu nichongeshe ya mbao au nipange kreti? Halafu jiko halina chumba chake, nitapikia pembeni hapohapo kwa mtungi mdogo wa gesi. Nikipika samaki, harufu si itahamia kwenye vitabu? Mimi ni mpishi wa sufuria moja, nikishashika kitabu siwezi kusimama jikoni. Mara nyingi naweka katogo, ndizi na maharage yangu, moto mdogo, naendelea na ukurasa.

Asubuhi nakaa dirishani na chai, naangalia jua linavyopanda kutoka ziwani, nasema hapa ndipo nitazeekea. Naombeni mawazo jamani, nisije nikaharibu.

Ngosha wa Igoma

Katoni 11 na TV hakuna. Mechi utaangalia kwa nani? Uzi wa nyumba bila picha ni ugali bila mboga. Tupia picha dada.

Mama Kulwa na Doto

Mwanangu, samaki hana harufu mbaya, harufu ni ya mpishi. Sato mbichi usimkaange ndani. Mchemshe: ndimu, chumvi, nyanya mbili, kitunguu, bamia tatu nne ukipenda mchuzi uwe mzito. Dakika ishirini ameiva, na nyumba inanukia ndimu. Anayekusumbua ni dagaa. Dagaa wachambue, waoshe maji ya moto mara mbili, wakaangie nje kwenye jiko la mkaa siku ya Jumamosi uwaweke kwenye kopo. Katikati ya wiki unawatupia tu kwenye nyanya.

Na wakati wa kusoma acha chapati, mafuta yanabaki kwenye karatasi. Kula matobolwa na karanga. Kiazi kilichochemshwa, kikakatwa, kikaanikwa. Unatafuna taratibu na mkono unabaki mkavu. Usichanganye na michembe, ile inaanikwa mbichi na lazima uipike. Mkwe wangu alinunua michembe akaitafuna hivyohivyo mbele ya wageni. Mwaka wa tatu huu, kila akija tunamuuliza meno.

Randa na Msasa

Fundi seremala hapa, Butimba. Kreti achana nazo, vitabu ni vizito kuliko bia. Mbao ya paini iliyotiwa dawa inatosha, mninga utalia bei. Ubao wa inchi moja usipite sentimita 80 bila mguu katikati, vinginevyo ndani ya mwaka unapinda kama machela. Sasa nijibu: rafu inakaa ukuta gani, na ukuta ni wa nini?

Kurasa_Kimya

Asante fundi. Mama Kulwa, ya dagaa wa kwenye kopo nimeichukua. Rafu inakaa ukuta wa nyuma, ndio mrefu. Ni imara sana.

Randa na Msasa

Imara siyo jibu. Tofali la kuchoma? La saruji? Una plasta?

Kurasa_Kimya

Ni ukuta wa kawaida tu. Naomba turudi kwenye taa, naona wengi wameiruka. Balbu moja juu au taa ya pembeni?

Shemasi Mstaafu

Binti, kwa heshima. Miaka 31, unatafuta kiti KIMOJA. Nunua viwili. Mungu akimleta mtu atakaa wapi?

Ngosha wa Igoma

Atakaa kwenye katoni 😂

Bibi Taa

Mimi nijibu ya taa. Weka ya pembeni, iwe nyuma ya bega lako, siyo mbele ya uso. Lakini ukiwa mlimani unatazama ziwa, kumbuka wale wadudu wa ziwani wanaopanda kama moshi. Usiku wanaofika, ukiwasha taa dirisha likiwa wazi, utasoma wadudu. Weka wavu dirishani kabla hujanunua pazia.

Mzee wa Mkuyuni

Binti, nimekaa Igogo miaka tisa kabla ya kuhamia huku. Kule juu nyumba nyingi zimeegeshwa kwenye mawe. Mtu anajenga kuta tatu, ya nne amepewa na Mungu. Fundi amekuuliza mara mbili ukahamia kwenye taa. Nakuuliza mimi: huo ukuta wa nyuma ni jiwe?

Kurasa_Kimya

Ndiyo baba, ni jiwe.

Lakini naomba mnielewe kabla hamjanirukia. Siyo jiwe baya. Limepakwa rangi nyeupe, linapendeza kuliko ukuta wowote niliowahi kuona, na mchana linapoza nyumba, hutaki hata feni. Watu wanalipa hela kubandika mawe ukutani, mimi nimelipata bure. Kodi ni 120,000, nimeshalipa miezi sita. Na kuna fundi nimeshampa 150,000 ya kuanzia, atatoboa jiwe kwa drili afunge rafu moja kwa moja. Kwa hiyo swali langu siyo kama nihamie. Swali ni mbao au kreti.

Randa na Msasa

Swali la kreti umeshalijibu mwenyewe, fundi kreti huwa halipwi 150,000.

Sikia dada. Jiwe lenyewe halivuji. Maji yanateremka juu ya mgongo wa jiwe kutoka mlimani, yanaingia pale bati linapokutana na jiwe, na kwenye nyufa. Sementi ya kuziba pale haidumu, kwa sababu bati linacheza na joto na jiwe halichezi. Hiyo ni moja. Ya pili, jiwe linalala na baridi. Ukifunga madirisha ukachemsha maharage yako saa mbili, mvuke wote unakwenda kutua kwenye jiwe. Asubuhi linatoka jasho. Sasa wewe unataka kugandisha vitabu hapohapo, bila hata nafasi ya kiganja nyuma ya rafu. Ukungu hautahitaji masika.

Rafu isimame kwa miguu yake, chini weka tofali, nyuma acha hewa ipite. Na huyo fundi wa drili akurudishie hela.

Mzee wa Mkuyuni

Mvua za El Nino, mwanzoni mwa 1998, nilikuwa kwenye nyumba ya hivyo. Nilikuwa na barua za mke wangu, aliniandikia akiwa chuo Tabora, zinafika arobaini. Niliziweka kwenye sanduku la bati chini ya kitanda, nikajiona mjanja. Maji hayakuingia kwa kishindo. Yalikuwa yanatambaa tu sakafuni, siku hadi siku, na sanduku lina kutu upande wa chini. Nimekuja kufungua mwezi wa sita, barua zimekuwa mkate. Wino wote umehamia kwenye bahasha ya mwisho. Mke wangu alicheka, akasema nimuulize lolote, anakumbuka alichoandika. Nilimuuliza. Hakumbuki.

Mama Kulwa na Doto

Jamani Mzee.

Dira ya Magharibi

Samahanini, nimesoma uzi kuanzia juu na kuna kitu kinanikereketa. Mleta mada anasema anakaa dirishani Igogo "naangalia jua linavyopanda kutoka ziwani". Wakazi wa Mwanza, lini jua limewahi kupanda kutoka ziwani? Ziwa letu liko magharibi. Jua linatoka mlimani nyuma ya nyumba, ziwani linakwenda KUZAMA. Hata Musoma ni hivyohivyo.

Halafu anasema "nimepata", "nitapikia", "itahamia", kisha ghafla anakunywa chai dirishani kila asubuhi. Na ndizi na maharage anaziita katogo.

Hii ni chai. Na siyo ile ya dirishani.

Ngosha wa Igoma

Nilisema mimi! Picha ziko wapi? Chai hii imekolea tangawizi 😂😂 Mzee wetu amemwaga machozi ya 1998 kwa mtu ambaye hana hata katoni moja.

Shemasi Mstaafu

Basi hata umri inawezekana siyo 31.

Mkerewe wa Nansio

Msimhukumu bado, tumpime. Dada, kama kweli una katoni 11, nijibu bila kuuliza simu: mzee wetu wa Ukerewe aliyeandika kitabu kwa Kikerewe, akaja kukitafsiri mwenyewe kwa Kiswahili, ni nani?

Ngosha wa Igoma

Atajuaje mtu kama hajauliza simu? Mtihani gani huu.

Kurasa_Kimya

Aniceti Kitereza. Aliandika miaka ya 1940, kikaja kuchapwa kwa Kiswahili 1980. Zaidi ya miaka thelathini anasubiri, na mwaka uliofuata akafariki. Nakala ninayo, imeandikwa jina la baba yangu kwa kalamu ya kijani ukurasa wa kwanza, alikuwa mwalimu na kalamu ya kijani alikuwa anaringia.

Sawa, Dira. Niko Bukoba. Jua linalopanda ziwani ni la hapa nyumbani kwetu, na katogo pia. Igogo sijalala hata usiku mmoja. Chumba nilikiona mwezi wa nane, nilikuja kwenye usaili, nikakaa mule ndani dakika ishirini na dalali anachezesha funguo. Kazi naanza mwezi ujao. Niliandika kama vile nimeshahamia kwa sababu nilijua nikisema sijahamia mtaniambia usihamie.

Vitabu si vyangu vyote. Vingi ni vya baba, alifariki mwaka jana. Kaka zangu wameshapata mteja wa nyumba na wameniambia mpaka mwisho wa mwezi huu katoni ziwe zimetoka, la sivyo zinakwenda kwa wauza maandazi. Kwa hiyo naombeni msiniambie "ngoja masika upime". Sina masika ya kungoja.

Dira ya Magharibi

Pole kwa msiba. Mimi niliona jua tu.

Ila ona mwenyewe: mwezi wa nane ni kiangazi. Mwezi wa nane hata pango ni kavu.

Mkerewe wa Nansio

Kalamu ya kijani mtu hawezi kutunga. Mimi nimeridhika.

Ngosha wa Igoma

Nafuta chai. Dada nisamehe. Lakini TV nunua.

Bibi Taa

Mizigo unaileta vipi? Ukipanda meli, kila katoni ivae nailoni na ulipie iandikwe. Gari nalo siku hizi siyo adha ya zamani, Busisi hakuna tena kupanga foleni ya kivuko, daraja linapita juu ya maji kilomita tatu ukiwa umelala. Mimi ningechagua gari, katoni zishuke mara moja tu.

Mama Kulwa na Doto

Kaka zako nao! Maandazi kwenye vitabu vya baba yao! Mimi ningewapikia michembe mibichi.

Randa na Msasa

Nina kazi ya milango Igogo kesho, na leo jioni mvua imeshuka vizuri. Nitumie kwa siri namba ya mwenye nyumba, nipite nikuangalizie. Sihitaji hela, nahitaji kulala.

Shemasi Mstaafu

Na kiti cha pili usisahau.

Randa na Msasa

Nimetoka huko. Mwenye nyumba ni mama mstaarabu, amenifungulia mwenyewe, sidhani kama anajua dalali alikuambia nini.

Pale bati linapokutana na jiwe pana ufa wa vidole viwili, umezibwa na sementi mpya kabisa na pembeni imeshaanza kuachia. Chini, kutoka sakafuni mpaka kimo cha goti, rangi ni nyeupe zaidi kuliko ya juu. Mtu hupaka rangi goti peke yake kwa sababu moja tu. Nimeweka kiganja, kimetoka kimelowa, na hiyo ni mvua ya siku moja ya vuli.

Mwenye nyumba amekubali kama unataka kuondoka akurudishie miezi mitano, mmoja ukae kwake. Nimemwambia utampigia. Fundi wako wa drili namfahamu, ile 150,000 niachie mimi.

Dirisha ni zuri, sitadanganya. Nimekuwepo saa kumi na mbili jioni, jua linazama ziwani na mwanga unaingia mpaka ukuta wa mlango. Nilikaa kidogo.

Kurasa_Kimya

Fundi sijui nikuambie nini. Mungu akulipe.

Huo ukuta wa mlango ni wa tofali?

Randa na Msasa

Wa tofali la kuchoma, una plasta, mkavu. Dada usianze.

Kurasa_Kimya

Nauliza tu. Una urefu gani?

Randa na Msasa

Mita mbili na nusu, ukitoa mlango. Na jua la jioni litababua majalada yote.

Kurasa_Kimya

Jua nitalizuia na pazia. Mita mbili na nusu, rafu ya ghorofa tano, zinaingia katoni saba. Ndizi nitapikia mlangoni, mvuke utoke nje. Miezi sita tu, natafuta pengine taratibu nikiwa hapohapo Mwanza.

Mama Kulwa na Doto

Na katoni nne zilizobaki?

Kurasa_Kimya

Chini ya kitanda.

Mzee wa Mkuyuni

Binti.