Arusha au Moshi kwa familia yenye watoto wawili wadogo?

mama_wawili
Habari za majukumu, wakuu. Tunahama Dar mwisho wa mwaka, watu wanne: mimi, mume wangu, mtoto wa miaka 2, na mkubwa anayetimiza 6 mwezi wa kumi, kwa hiyo Januari anaingia la kwanza. Mume anafanyia kazi nyumbani kwa kompyuta, anachotaka ni umeme na intaneti, ila mara moja kwa mwezi lazima apande ndege kurudi Dar. Mimi ni muuguzi, kazi nitatafuta hukohuko. Kodi isizidi laki nne kwa mwezi, vyumba vitatu, uzio na geti. Hatuna ndugu Arusha wala Moshi. Mdogo kifua humbana baridi ikizidi. Tafadhali msinijibu "inategemea". Nipeni vitu vya kwenda kukagua kwa macho.

bombani
Dada, kabla ya shule na kabla ya nyumba, uliza maji. Kwa umri wa watoto wako hili ndilo jambo ambalo ukilikosea halirudi nyuma.

Miamba ya volkano ya Mlima Meru inatoa floraidi kwenye maji ya ardhini. Kiwango cha Shirika la Afya Duniani ni miligramu 1.5 kwa lita, na sehemu za Arumeru kama Ngarenanyuki, Maji ya Chai na Usa River zina vyanzo vinavyopita hapo mbali sana. Mtoto akinywa maji hayo wakati meno ya kudumu bado yanajitengeneza ndani ya fizi, yaani tangu kuzaliwa hadi kama miaka 8, yatatoka na madoa ya kahawia, na mswaki hauyaondoi. Huyo wa miaka 2 ndiye wa kulindwa zaidi, maana meno yake ya mbele ya kudumu yanatengenezwa sasa hivi. Ikizidi sana kwa miaka mingi inafika hadi kwenye mifupa.

Watu wanapokosea ni hapa: wanachemsha. Kuchemsha kunaua vijidudu, floraidi inabaki palepale, na kadiri maji yanavyopungua kwenye sufuria ndivyo inavyozidi kuwa kali. Dawa ya klorini haiitoi. Chujio la udongo la kawaida haliitoi. Kinachofanya kazi ni mkaa wa mifupa (kituo cha utafiti cha Ngurdoto kimeufanyia kazi miaka mingi) au mashine ya kuchuja kwa utando (reverse osmosis). Mkaa wa mifupa nao huchoka. Usipobadilishwa, maji yanatoka safi machoni na floraidi ileile ndani.

Cha kufanya ukienda kuona nyumba: muulize mwenye nyumba maji yanatoka mamlaka ya maji, kisima cha mtaa au kisima chake. Visima viwili vilivyopakana vinaweza kutofautiana kabisa, kwa hiyo "hapa mtaani maji ni mazuri" si jibu. Chukua lita moja kwenye chupa safi ya plastiki, si ya kioo, isuuze mara tatu kwa maji hayohayo, andika mahali na tarehe, peleka maabara ya maji upimiwe floraidi. Fanya hivyo kabla ya kulipa kodi.

Moshi mjini maji mengi yanatoka chemchemi za mteremko wa Kilimanjaro na kwa floraidi hali ni nafuu kuliko upande wa Meru. Ukishuka tambarare na kukuta nyumba ya kisima, pima vilevile.

Na magadi! Yale ya kulainishia makande na maharage yana floraidi yake. Unaweza kununua maji ya dukani mwaka mzima halafu ukairudisha kwa kijiko.

kijana_wa_Njiro
@bombani umemtisha dada wa watu 😄 Arusha mjini wamekulia wengi na meno yao meupe. Tangu mradi wa bilioni 520 mtandao wa mamlaka umefika mitaa mingi iliyokuwa ya visima.

Mimi nasema Arusha, kwa sababu ya kazi. Muuguzi ana hospitali za Mount Meru, ALMC, Selian kule Ngaramtoni, na vituo binafsi vingi. Ofisi za Jumuiya ya Afrika Mashariki ziko hapa, mashirika yako hapa, utalii uko hapa. Kama mzee siku moja atataka ofisi badala ya meza ya sebuleni, ataipata bila kuhama mkoa.

Mitaa: kwa laki nne vyumba vitatu vyenye geti tafuta Moshono, Olasiti, Sakina ya ndani, na Njiro ile ya mbali na lami. Njiro ya mbele utapigwa bei. Olasiti na Olmoti bei zinapanda kwa sababu ya uwanja wa AFCON 2027, kwa hiyo mkataba uandike kodi haipandi ndani ya miaka miwili. Tengeru ni pazuri na kuna njia nne hadi Sakina, ila Jumatano na Jumamosi ni siku za soko, usipange miadi mjini.

bombani
Wamekulia wengi, ndiyo, na wengi wanacheka wamefunga mdomo. Sijasema asije Arusha, nimesema apime. Na Tengeru uliyoisifia, pamoja na Usa River, ndiko kupima kunakohitajika zaidi.

Akipenda nyumba na maji yakakataa, kuna mvua. Maji ya mvua karibu hayana floraidi kabisa. Hesabu: watu wanne, kunywa na kupika tu, ndoo moja ya lita 20 kwa siku. Kiangazi cha Juni hadi Oktoba ni siku kama 150, lita 3,000. Paa la mita za mraba 50 linatoa lita 50 kwa kila milimita ya mvua. Milimita 100 za masika ni lita 5,000, toa robo ya kupotea. Tangi la lita 5,000 linatosha na baki ipo, na ukihama unalipakia. Mvua ya kwanza baada ya vumbi iache ioshe bati, weka wavu mdomoni, funika lisipate mwanga. Haya sasa ndiyo ya kuchemsha, maana ndege wanakaa juu ya paa. Ya kufulia na kuogea tumia bomba lolote.

mwl_awali
Mimi naongelea shule, maji mmemaliza.

Mkubwa anaingia la kwanza Januari, kwa hiyo kutafuta shule kunaanza sasa, si Desemba. Shule za serikali huandikisha robo ya mwisho ya mwaka: cheti cha kuzaliwa, na serikali ya mtaa ikutambue. Hamna ada. Shule za mchepuo wa Kiingereza zenye jina hufanya usaili mapema na nafasi za la kwanza huenda kwanza kwa watoto waliosoma awali palepale. Hapo ndipo wahamiaji wanapokwama.

Ukiulizia ada usiishie kwenye ada. Omba karatasi moja yenye ada, basi, chakula, sare, vitabu, mitihani na michango yote ya mwaka, wajumlishe wao wenyewe. Basi la shule peke yake linaweza kugeuza shule rahisi kuwa ghali. Halafu uliza basi linampitia wa kwanza saa ngapi. Mtoto wa miaka 6 akiamshwa saa kumi na moja alfajiri kwa sababu nyumba iko mwanzo wa njia ya basi, atalala darasani hadi saa nne. Kwa hiyo: shule kwanza, kisha nyumba ndani ya kilomita tatu za shule. Moshi hili ni jepesi, mji ni mdogo. Arusha, mtu anayekaa Olasiti na mtoto anasoma Moshono anauvuka mji mara mbili kwa siku.

Mdogo mbebee kadi ya kliniki mkononi, isiingie kwenye mabegi ya lori. Angalia kama chanjo ya pili ya surua-rubela ya miezi 18 imeandikwa.

Kiboriloni_kwetu
Kuhusu kifua. Arusha iko kama mita 1,400 juu ya bahari, Moshi mjini kama 850. Tofauti hiyo unaisikia Juni hadi Agosti: Arusha asubuhi unavaa sweta, mawingu yanakaa hadi mchana. Moshi kuna ubaridi lakini wa kuvumilika. Kinyume chake, Januari hadi Machi Moshi ni joto hasa, nyumba ya bati bila dari usiichukue hata kwa nusu bei.

Ukichagua Arusha kwa ajili ya kazi, epuka nyumba yenye unyevu ukutani na mitaa ya barabara za vumbi. Na jiko la mkaa lisiingizwe chumbani usiku eti kupasha joto. Hewa yake inaua watu wamelala, mtoto ndiye wa kwanza.

Moshi KCMC, hospitali ya rufaa ya kanda, iko kilomita chache kutoka mjini. Wagonjwa wa Arusha wengi wakipewa rufaa wanaletwa huku, kilomita 80. Kwa muuguzi pia ndiyo mwajiri mkubwa, na Mawenzi ipo. Mitaa: Rau, Longuo, Soweto, Msaranga. Shanty Town ni pazuri ila laki nne haitoshi. Ukishuka Mabogini kwenye mashamba ya mpunga, nyumba ni rahisi na mbu ni wa bure.

Ndege: KIA, uwanja wa Kilimanjaro, iko katikati ya miji miwili, Moshi inakaribia kidogo zaidi. Arusha ina pia uwanja wa Kisongo.

mama_wawili
Asanteni sana, nimechukua notisi. Naona tunaelekea Moshi, upande wa Rau au Longuo. Madalali nao? Na tuhame lini hasa?

mwl_awali
Msihame wiki ya pili ya Desemba kuendelea. Wachaga wote wanarudi nyumbani, mabasi yanajaa, malori ya kwenda kaskazini yanapanda bei, na mji hauna hata gesti. Wiki ya mwisho ya Novemba ni nzuri, mtoto anapata mwezi wa kuzoea.

Kiboriloni_kwetu
Dalali huchukua kodi ya mwezi mmoja, na wengine hela ya kuonyesha hata kama hukupenda. Kubaliana kabla ya kupanda bodaboda. Mwenye nyumba atataka miezi sita, labda mwaka: wewe omba mitatu kwanza, ukijieleza ni familia inayotoka mbali wengi hukubali sita.

Siku ya kuangalia nenda saa moja asubuhi au jioni, fungua bomba la juu kabisa uone presha muda ambao kila mtu anatumia maji. Hakikisha mita ya LUKU ni ya nyumba yako peke yako. Ikiwa mko wapangaji watatu mita moja, ugomvi wa umeme utaanza mwezi wa kwanza. Kodi ya jengo hukatwa humohumo kwenye LUKU nayo ni deni la mwenye nyumba, iandikwe kwenye mkataba kwamba utaitoa kwenye kodi ya pango. Mume asimame sebuleni na simu za mitandao miwili apime kasi, chini ya migomba mingine mawimbi hayaingii. Mkataba msainie mbele ya mwenyekiti wa mtaa, na barua ya utambulisho toka Dar mje nayo.

bombani
Na chupa ya maji, dada. Hata huko Rau.