Tupeane uzoefu: mikunjo ya bakigraundi za kitambaa, wapiga picha wa Kusini mko wapi?

Kamera ya Ligula: Wakuu salaam. Nimeletewa picha za mahafali nizisafishe, kitambaa cha nyuma utadhani kimetolewa kwenye gunia la korosho. Nimekesha nazo. Msimu ndo huo, harusi zinakuja. Mikunjo mnaiondoaje, na lipi limewakuta?

Mwana Mikindani: Uzi wangu huu. Naweka kambi.

Fundi Picha Masasi: Piga pasi kabla ya kupiga picha. Mengine ni kujitafutia kazi.

Kamera ya Ligula: Umeme ukikatika mkuu?

Fundi Picha Masasi: Pasi ya mkaa ipo tangu enzi za bibi.

Dada wa Nachingwea: Ya mkaa kwenye poliesta? Jaribu halafu utuletee mrejesho, na harufu yake. Mimi shuka la pamba nalipulizia maji, nalibana kwa vibanio pande zote, likikauka limenyooka. Nikimaliza silikunji, naliviringisha kwenye bomba.

Mkongwe wa Tandahimba: Mmenikumbusha mbali. Kuna familia huku korosho ziliwalipa, wakataka picha ya ukoo. Mzee wao katikati, kanzu nyeupe, kofia nyeupe. Nilikuwa na bakigraundi ya kijivu, wakaikataa, wakaleta shuka lao jeupe lililolala sandukuni miaka. Tukapigia uani, jua la saa kumi linakuja kwa ubavu, kila kunjo na kivuli chake. Picha nikampa kijana mmoja mjini anyooshe nyuma. Yeye akachagua watu kwa ile zana ya kubofya mara moja, akatia ukungu, akaprinti kubwa ya ukutani moja kwa moja bila kunionyesha. Siku ya kukabidhi watu wamejaa, pilau liko jikoni. Khanga inavutwa kwenye fremu... Mzee hana kofia! Nyeupe juu ya nyeupe, programu haikujua mtu anaishia wapi. Utosi umeliwa, bega la kulia halipo, uso unaelea. Shangazi mtu akapiga yowe: "Mmemuua kaka yangu!" Na mzee mwenyewe yuko pale mkekani, anaomba miwani yake. Akaangalia weee... Ngoja, simu inazima, nakuja.

Mwana Mikindani: MZEE RUDI HAPA

Dada wa Nachingwea: Huyu hana utu kabisa.

Kijana wa Ruangwa: Tukimsubiri: mikunjo unayoiona ni vivuli. Leta taa mbele, mtu akae mbali na kitambaa kama mita mbili, lenzi fungua f/2.8, yaani tundu pana ili nyuma kuwe ukungu, nusu ya kazi imeisha. Kwenye Photoshop tenganisha tabaka mbili, moja ya nyuzi za kitambaa, nyingine ya rangi na mwanga. Ukungu unatia kwenye ya rangi tu, mtu umemfunika kwa maski, kile kifuniko cha kwenye programu, asiguswe. Nywele na ushungi pitia kwa mkono. Mwisho rudisha chembe kidogo, zile punje punje za picha, la sivyo ukiprinti rangi inakatika vipande vipande.

Fundi Picha Masasi: f/2.8 kwa picha ya ukoo? Mstari wa nyuma wote ukungu.

Kijana wa Ruangwa: Nimesema "mtu". Mmoja. Soma.

Fundi Picha Masasi: Soma wewe, hapo juu kumeandikwa ukoo.

Kijana wa Ruangwa: Na mleta mada kaandika mahafali. Nyie watu wa Masasi mnapenda ligi.

Mpita Njia Lindi: Mnagombania lenzi wakati kusi ikivuma pwani hata pasi ni bure, shuka linageuka tanga.

Mwana Mikindani: Mimi mikunjo naiacha, naiita ya kisanii, bei inapanda.

Dada wa Nachingwea: 😂😂 Wateja wako Mungu awasaidie.

Kamera ya Ligula: Ruangwa asante, hiyo ya tabaka naijaribu leo. Ila Mkongwe yuko wapi?

Mkongwe wa Tandahimba: Nimechaji. Mzee akauliza, "Huyu nani?" Wakamwambia ni wewe baba. Akasema, "Kofia ninayo. Nirudishieni bega." Watu wakaangua kicheko, pilau likaliwa. Tukarudia kwa ile ya kijivu, gharama juu yangu, kijana mpaka leo hapokei simu. Shangazi alikataa kukaa kwenye picha ya pili.

Mpita Njia Lindi: Ile ya kwanza unayo? Tupia hapa.

Mkongwe wa Tandahimba: Waligoma kunirudishia. Iko sebuleni, wageni wanaonyeshwa hiyo kwanza.