Sam Smith ni "they": kwenye tafsiri niandike "wao" au "yeye"?

Mlimwa_Juu
Wakuu, habari za jioni. Naandaa maandishi ya chini ya video ya dakika 12, mahojiano ya Sam Smith, mwanamuziki wa Uingereza, kuhusu utambulisho wake, muziki na kujikubali. Yataonyeshwa kwenye darasa la tafsiri hapa Dodoma. Kuna mambo matatu yamenikwamisha. Kwanza, Septemba 2019 Sam aliomba aitwe "they" badala ya "he". Mwenzangu kaandika "wao" kila mahali na masikio yangu yanakataa. Pili, "self-acceptance" tumeweka "kujikubali", na mtu tuliyempa asome kacheka. Tatu, "non-binary" tumeandika "asiyejitambua kama mwanamume wala mwanamke". Naomba msaada wa wanaoifanya kazi hii.

ZabibuKavu
Hizo "wao" futa zote. Kiingereza kiliazima wingi kwa sababu umoja wake umegawanyika "he" na "she". "Yeye" yetu haijawahi kuuliza mtu ni mume au mke: a- ya mtenda, -m- ya mtendwa, -ake ya mmiliki, zote zinambeba yeyote. Kigogo na Kirangi vivyo hivyo. Kwa Kiswahili, ombi la Sam lilikuwa limeshatimizwa kabla hajalitoa. Ukiandika "Sam wamesema", mtazamaji atajua ni kundi, kama tunavyosema Navy Kenzo wametoa wimbo. Queen walirekodi, sawa, ile ni bendi. Freddie Mercury, mwimbaji wake, mzaliwa wa Zanzibar mwaka 1946, alirekodi.

Ila usilale. Jinsia yetu haikai kwenye kiwakilishi, imejificha kwenye majina na vitenzi. Pitia faili mstari kwa mstari ukitafuta: kaka, bwana, jamaa, msanii wa kiume, mfalme. Halafu "kuoa" na "kuolewa", ambayo ndiyo inawaumbua wengi, maana kauli ya kitenzi peke yake inatangaza nani mume. Weka "kufunga ndoa". "Mpenzi", "mwenza" na "mchumba" hazina tatizo.

Pale tu neno "they" linapozungumziwa lenyewe, liache lilivyo kwenye alama za kunukuu. Ukilitafsiri hapo, mazungumzo yote ya kiwakilishi yanapoteza maana.

Mwl_Kizota
Aliyecheka ana haki yake. Mtaani "anajikubali sana huyo" ni mtu wa maringo. Kamusi inakutetea lakini watazamaji wako hawatakaa na kamusi mapajani. Ongeza kipande kimoja tu: "kujikubali nilivyo". Maringo yanaondoka.

"Asiyejitambua" ni balaa kubwa zaidi. Hajitambui ni mgonjwa aliyezimia, au mtu asiye na akili timamu. Mnamwandika msanii kama yuko wodini. Tumia "asiyejihesabu kuwa mwanamume wala mwanamke".

Mengine yatakayokunasa kwenye mahojiano ya aina hii:

"Art" usiandike "usanii wangu". Tanzania "huo ni usanii" maana yake utapeli, na msanii akisema usanii wake ndio ukweli wake, ukumbi utaangua kicheko. "Sanaa yangu", au "kazi zangu".

"Coming out" si "kutoka", na wala usiandike "kukiri". Anayekiri ni mshitakiwa. "Kujiweka wazi" inatosha.

"Queer", jina la jumla la wasiofuata mkondo wa kawaida wa mapenzi au jinsia, haina mwenzake. Wapo wanaoandika "shoga", lakini neno hilo kwa wanawake wa Pwani ni rafiki wa kike, na kwa mwanamume ni tusi. "Wapenzi wa jinsia moja" linaeleza nani anampenda nani, halielezi mtu anajiona nani. Sam ana mambo yote mawili na ni mawili tofauti, kwa hiyo kila neno likitokea uliza linajibu swali lipi. Kwenye mafunzo ya jinsia Tanzania hutenganishwa "jinsi", yaani maumbile, na "jinsia", yaani nafasi ya mtu katika jamii. Kwa hapo unahitaji "jinsia".

"Identity" kwa msanii mara nyingi ni "mimi ni nani". "Utambulisho" ni sahihi, lakini ukilirudia mara kumi kila mtu atakumbuka foleni ya kitambulisho cha NIDA.

Ngongona_Kati
Nampinga ZabibuKavu kidogo. "Yeye" kutobagua ni neema, ila ni mtego pia, kwa sababu wasanii hawa habari yao mara nyingine imo ndani ya kiwakilishi. Mfano ni barua ya Frank Ocean, mwanamuziki wa Marekani, ya tarehe 4 Julai 2012, siku chache kabla ya albamu yake. Anaeleza kwamba kuna mtu alikutana naye, kwamba yeye Frank alikuwa na miaka 19, kisha sentensi fupi sana: huyo mtu naye vilevile. Kwa Kiingereza sentensi hiyo inaanza na "He". Herufi mbili, na dunia nzima ikajua ni mwanamume. Sasa tafsiri: "Nilikuwa na miaka 19. Yeye pia." Hakuna kilichotokea! Msomaji anapita kana kwamba kasoma umri tu.

Dawa ni jina, na liwekwe palepale "He" ilipo. Sentensi ya kwanza iache na "mtu", maana hata yeye aliandika "somebody" makusudi. Ukitaja jinsia mapema umemwibia mwandishi. Ningeandika:

Kuna mtu nilikutana naye.
Nilikuwa na miaka 19.
Naye alikuwa kijana wa kiume wa 19.

"Mvulana" sikulitaka, kwa miaka 19 linamrudisha shule ya msingi. "Kijana" peke yake halitoshi, kuna vijana wa kike. Na barua ile inahesabu muda kwa "summer": usiweke "kiangazi" bila kufikiri, maana Juni na Julai Dodoma ni upepo na masweta. "Miezi ya joto".

Kwa Sam ni hivyohivyo. Msanii wa Kiingereza anayetaka kuficha anamwimbia "you" ili kukwepa "he" na "she". Akilieleza hilo, usiandike "nilikwepa kusema yeye", haieleweki. Andika "nilikwepa neno ambalo lingeonyesha namwimbia mwanamume".

MkatoNaNukta
Maneno mmeyamaliza, sasa nafasi. Kipimo cha kawaida ni herufi 42 kwa mstari, mistari 2, na kasi ya herufi kama 17 kwa sekunde. "Asiyejihesabu kuwa mwanamume wala mwanamke" ni 42 kamili ukihesabu na nafasi. Mstari wote umeliwa, na kusoma kunataka sekunde 2 na nusu wakati Sam katamka "non-binary" chini ya sekunde moja. Mara ya kwanza weka kirefu na uache maandishi yabaki hadi sentensi inayofuata ianze. Baada ya hapo fupisha: "nje ya jinsia hizo mbili", herufi 24. Usifupishe kuwa "si mume wala mke", hapo umeingia kwenye mambo ya ndoa.

Hifadhi faili la srt, lile lenye maandishi na muda wake, kwa UTF-8 (mfumo wa kuhifadhi herufi), la sivyo ile alama ya ng' ikiwa imepinda itatoka vinyago. Muda uandike kwa mkato, 00:01:12,400. Ukiweka nukta, programu nyingine hazionyeshi kitu.

Mkiamua kuipandisha mtandaoni badala ya kuionyesha darasani, someni kwanza Kanuni za Maudhui ya Mtandaoni za Tanzania za 2020 na marekebisho yake. Hiyo ni hesabu nyingine.

Mlimwa_Juu
Asanteni sana wakuu. "Wao" zimetoka 31, na "kaka" moja nimeikuta dakika ya 9. Swali la mwisho: "mwanamuziki wa kiume" iliyo kwenye utangulizi wa mtangazaji wa zamani, kabla ya 2019?

ZabibuKavu
Kama mtangazaji kaitamka, iache, ni maneno yake. Kama mmeongeza nyie, itoe.