Naombeni ushauri: niwasimulieje watoto wa kipaimara habari za Mashahidi wa Uganda?

MwalimuKigangoni

Tumsifu Yesu Kristo, wapendwa.

Mimi ni katekista wa kujitolea, kigango kiko mbali kidogo na parokia, upande wa Mwanza. Nina watoto 19 wa mafundisho ya kipaimara, wengi wana miaka 11 hadi 13, na wapo wadogo wawili watatu wanaowafuata dada zao. Jumamosi iliyopita nilianza habari za Mashahidi wa Uganda, wale Wakristo waliouawa Buganda kwa ajili ya imani, maana sikukuu yao, tarehe 3 Juni, iko mlangoni. Nikawasimulia kama nilivyosimuliwa mimi utotoni: minyororo, kuni, mikeka ya matete, moto.

Jumapili baada ya Misa mama wa mtoto mmoja akanifuata. Binti yake alikesha akilia kwamba anaungua. Mama hakupaza sauti, na hilo ndilo lililoniuma. Aliniuliza tu, "Mwalimu, ulitaka mwanangu ajifunze nini?" Nilikosa jibu.

La pili. Mvulana mmoja aliuliza, "Kwani Kabaka aliwachukia kwa nini?" Nikamjibu, kwa sababu walikuwa wanasali. Akasema, "Kusali tu?" Sisi watu wazima tunajua kwamba Kabaka Mwanga, mfalme wa Buganda, aliwataka wale vijana wa ikulu kwa mambo machafu, na wao wakakataa. Mimi nikaruka. Tangu siku hiyo najiona nimewadanganya.

Nisaidieni. Moto niuache? Na hilo la pili nilisemeje, au ninyamaze? Jumamosi inakuja.

MzeeKagera

Milele amina, mwalimu wangu. Pole, na usijilaumu sana. Nimefundisha dini miaka 31 na kosa hilo nimelifanya zaidi ya mara moja. Tatizo ni kwamba tunaanzia mwisho. Mtoto hamjui Kizito, yule shahidi mdogo, ni nani, tayari tumeshamfikisha kwenye kuni. Lazima aote moto, hana kingine cha kuota.

Anzia ikuluni. Waeleze kwamba vijana wale walikuwa watumishi: wengine walichota maji, wengine walilinda milango, wengine walipeleka ujumbe. Mkubwa wao alikuwa Yosefu Mukasa. Askofu Hannington wa Waanglikana alipouawa Busoga kwa amri ya Kabaka mwezi Oktoba 1885, Yosefu alimwambia Kabaka waziwazi kwamba amefanya vibaya. Tena alikuwa akiwakinga wale vijana wasifikiwe na Kabaka. Novemba 15 mwaka huo akauawa. Na kabla ya kufa alituma neno kwamba anamsamehe Mwanga, ila atubu.

Nafasi yake ya ulezi ikashikwa na Karoli Lwanga, kijana wa miaka kama 25. Mei 1886 Kabaka alirudi kutoka kuwinda akakuta watumishi hawapo, akaambiwa Denis Ssebuggwawo yuko na Mwafu, mwana wa Katikkiro (waziri mkuu wa Kabaka), anamfundisha dini. Hapo waelekeze wanafunzi wako wajiangalie: kijana wa miaka 16 hivi, anamfundisha rafiki yake katekisimu. Hilo ndilo lililowasha hasira.

Sasa usiku ule. Kila mtu pale Munyonyo, ilipokuwa ikulu, alijua asubuhi kuna nini. Wapo waliokuwa bado hawajabatizwa, Kizito mmojawapo, ana miaka kama 14. Karoli akawabatiza usiku huohuo. Na inasimuliwa kwamba Kizito aliogopa, Karoli akamwambia wakati ukifika nitakushika mkono, twende pamoja. Mwalimu, kaa hapo. Ningekuwa wewe ningemaliza kipindi kizima kwenye ule mkono.

Moto utaje kwa sentensi moja, usiufiche, ila usiukoleze. Wakiuliza haya tumeyajuaje, waambie wapo vijana watatu waliofikishwa Namugongo, mahali pa kuuawa, wakaachwa hai, mmoja anaitwa Denis Kamyuka. Hao ndio waliosimulia.

BabaWatatu

Mimi nina mtoto wa miaka 11 na nasema wazi: hayo ya Kabaka na wavulana yaache kabisa. Watoto wetu watayajua wakikua. Mafundisho ni ya sakramenti. Waambie walikufa kwa ajili ya imani, na huo si uongo.

NesiMama

Baba Watatu, naomba tutofautiane kwa heshima, kaka yangu. Nafanya kazi na watoto, na nimewahudumia waliotendewa vibaya na watu wa nyumbani mwao. Hao hawakusubiri wakue ndipo wayajue. Ndugu mwalimu, katika watoto 19 usijihakikishie kwamba hayupo hata mmoja.

Hauhitaji maneno makali. Sema hivi: "Kabaka alikuwa na nguvu juu yao, akataka kuwagusa miili yao kwa namna ambayo mtu mzima haruhusiwi kumgusa mtoto. Karoli aliliona, akawa anawaficha." Inatosha. Usiongeze. Mvulana wako aliyeuliza "kusali tu?" atajua umemheshimu.

Kisha kuna kitu kimoja nakuomba ukichunge mno, maana nimekisikia kikiharibiwa hata mimbarini. Usiseme "wao walikataa, nanyi mkatae" ukaishia hapo. Mtoto aliyeshikwa kwa nguvu, au aliyeogopa akanyamaza, atasikia kwamba ameshindwa mahali Kizito aliposhinda. Ataondoka na mzigo mzito kuliko aliokuja nao. Mwambie kwa kinywa chako: aliyefanyiwa hana dhambi hata chembe, dhambi ni ya aliyefanya. Mungu hamdai mtoto afe ndipo awe safi. Karoli mwenyewe hakuwaambia wale wadogo wajitetee peke yao. Aliwakinga yeye, mkubwa wao, na alijua itamgharimu nini.

Malizia kwa kuwaambia wanaweza kumwambia nani. Wewe, mama, bibi, mwalimu wa shule. Namba 116 ni ya bure, ni ya watoto. Polisi kuna Dawati la Jinsia na Watoto. Na jiandae wewe mwenyewe, maana ukisema hivi mbele ya watoto, huenda mmoja akaja.

BabaWatatu

Nesi, nimesoma mara mbili. Hilo la mtoto kujiona ameshindwa sikuwahi kulifikiria. Naondoa neno "kabisa". Ila wazazi waambiwe kwanza.

NesiMama

Hapo tuko pamoja. Mwalimu, waite wazazi kabla ya Jumamosi.

WaKusiniMwaZiwa

Niongeze kitu kwa kuwa mwalimu yuko Mwanza. Watoto wanadhani haya yalitokea mbali. Mapadre Weupe, wamisionari wa Kikatoliki, waliondoka Buganda mwaka 1882 wakaja kukaa huku kwetu, Bukumbi, wakarudi 1885. Miaka yote hiyo Wakatoliki wa Buganda hawakuwa na padre hata mmoja. Waliolea ile imani ni walei: Yosefu ikuluni, Andrea Kaggwa, Matia Mulumba na wenzao. Makatekista, mwalimu, kama wewe.

Na Mwanga mwenyewe? Alipopinduliwa mwaka 1888 alikimbia akivuka ziwa mpaka Magu, na baadaye wakampokea mapadre wa Bukumbi. Walewale aliowaulia wanafunzi wao. Walimpa chakula na mahali pa kulala. Mwishoni alipelekwa uhamishoni Seychelles, akabatizwa huko na Waanglikana kwa jina Danieri, akafa mwaka 1903. Watoto wakikuuliza kama Kabaka yuko motoni, na watakuuliza, wasimulie hayo.

JiraniMwanglikana

Samahani kuingia nyumbani kwa watu. Naomba tu mkisimulia msiwasahau wa kwetu. Siku ileile pale Namugongo walichomwa Waanglikana pia, pamoja na Wakatoliki. Papa Paulo wa Sita alipowatangaza watakatifu wale 22 mwaka 1964 aliwataja na wa kwetu. Huenda mmoja wa watoto wako ana bibi Mwanglikana.

MzeeKagera

Karibu, ndugu, ni nyumbani kwako. Mwalimu, hilo ulitie.

MwalimuKigangoni

Wapendwa, nimerudi. Asanteni mno.

Ijumaa niliwaita wazazi, wakaja tisa. Niliwasomea maneno ya Nesi kama yalivyo. Baba mmoja alitoka nje, akarudi baadaye akakaa. Yule mama wa binti alikuwa amekaa benchi la nyuma, hakusema neno.

Jumamosi nilianza na watumishi wa ikulu, nikafika kwenye usiku wa Munyonyo, nikakaa pale kama mzee alivyosema. Moto niliutaja mara moja. La Kabaka nililisema kwa maneno ya Nesi, sauti ilinitetemeka lakini nilimaliza. Yule mvulana aliitikia kwa kichwa, basi. Nilipofika pale pa "hana dhambi hata chembe" darasa lilitulia mpaka nikasikia kuku nje.

Kisha nikawatoa. Kutoka mlango wa kigango hadi kwenye mwembe mkubwa ni kama hatua 80. Nikawaambia watembee wawili wawili, mkubwa amshike mdogo mkono, kimya. Yule binti aliyeota moto alimshika mtoto wa jirani wa miaka sita. Alikuwa anamtazama yeye njia nzima, hakutazama mbele.

Mama yake alikuwa amesimama kando ya mwembe. Watoto walipotawanyika alinisogelea, akaniomba nipite kwake kesho jioni, peke yangu, kuna jambo anataka kuniambia. Halimhusu binti, alisema. Ni la kwake mwenyewe, la zamani.

Nesi, nimekuandikia faragha. Tafadhali nijibu kabla ya kesho saa kumi.