Mliojisomea GRE wenyewe huku mko kazini, mlijipangaje? Tupeane uzoefu

Chaki_Nyeupe:
Wakuu, habari za jioni. Kuna vijana wananifuata inbox wanataka kuomba masters nje na hawana hela ya tuisheni ya GRE, yaani mtihani wa hesabu, Kiingereza na insha ambao vyuo vingi vya nje huutumia kuchuja waombaji. Naomba tuwawekee hapa uzoefu wetu, hasa upande wa ratiba. Naanza mimi.

Nafundisha hesabu sekondari, Dodoma. Kabla ya kugusa kitabu nilifanya mtihani mzima wa majaribio. ETS, ambao ndio watunzi, wanatoa miwili bure kwenye POWERPREP ukishafungua akaunti. Mmoja nikautumia kujipima, wa pili nikauweka akiba mpaka karibu na tarehe. Matokeo ndiyo yaliyonipangia ratiba: hesabu safi, Kiingereza kiko chini. Kwa hiyo alfajiri, kichwa kikiwa kipya, ilikuwa ya Kiingereza, na hesabu nikaipeleka Jumamosi. Wengi tunapenda kusoma tunachokiweza kwa sababu kinatupa raha, na alama hazisogei.

Vitabu vya mitumba muwe navyo makini. Tangu Septemba 2023 mtihani umefupishwa, hauzidi saa mbili, na insha imebaki moja ya dakika 30. Ukijipima kwa muda wa zamani unajizoesha mwendo usiokuwepo.

Zamu_ya_Usiku:
Asante mwalimu. Mimi ni muuguzi, Mwanza. Zamu zinabadilika, kwa hiyo ile ratiba yako ya kuamka alfajiri kila siku kwangu haiwezekani. Nilifunga masomo kwenye zamu, si kwenye saa. Nikitoka usiku, nalala kwanza. Nikiamka, kabla ya kushika simu, nafanya seti moja ya hesabu: maswali 12, dakika 21, kama sehemu ya kwanza ya hesabu kwenye mtihani ilivyo. Siku ya zamu ngumu napitia daftari tu, basi.

Hilo daftari ndilo lililonibeba. Kila swali nililokosa niliandika lilitaka nini, mimi niliwaza nini, na dalili gani ingenishtua mapema. Kunakili jibu sahihi peke yake hakusaidii, kesho unakosa tena. Kurasa zilipoongezeka nikaona makosa mengi yanatoka sehemu moja: yale maswali ya kulinganisha Kiasi A na Kiasi B, useme kipi kikubwa. Ukiona x, akili inakimbilia 2 au 3. Nikabandika karatasi ukutani: jaribu sifuri, jaribu hasi, jaribu sehemu kama 1/2. Kama jibu linageuka kila ukibadilisha namba, basi uhusiano haujulikani, na hilo ni moja ya majibu ya kuchagua.

Abiria_wa_Rongai:
Niko Nairobi. Msamiati niliufanyia kwenye matatu, asubuhi na jioni, foleni ya Lang'ata Road inatosha kabisa. Lakini orodha ndefu za maneno matupu sizipendekezi kwa mtu yeyote. Kadi zangu zilikuwa na sentensi nzima niliyoitoa kwenye makala niliyosoma, neno limefichwa, na mimi nakisia. Mtihani wenyewe unauliza hivyo hivyo. Kuna maswali ya kuchagua maneno mawili yanayoipa sentensi maana moja, na ukipata moja tu hupewi hata nusu alama.

Mgeni_Mbeya:
Shikamooni wakubwa. Mimi muda unaniishia kila nikijipima. Nifanyeje?

Chaki_Nyeupe:
Marahaba. Jizoeze kuruka. Swali likikukwamisha, weka jibu la kukisia, litie alama, songa mbele. Ndani ya sehemu ileile unaruhusiwa kulirudia, na jibu la kukosea halipunguzi alama. Ila sehemu ya kwanza ifanye kwa utulivu, maana ugumu wa sehemu ya pili unategemea ulivyofanya ya kwanza.

Zamu_ya_Usiku:
Nyongeza kwa Mgeni: ukipanga kufanyia nyumbani, karatasi za kawaida haziruhusiwi. Unatumia kibao cheupe kidogo na kalamu ya kufutika. Anza kukokotolea hapo wiki kadhaa kabla, kwa sababu nafasi ni finyu na mwandiko unabadilika. Na tarehe isikutishe: ukitaka kurudia, unaruhusiwa baada ya siku 21, na alama zinadumu miaka mitano.

Abiria_wa_Rongai:
Insha bado hatujaigusa. ETS wameweka mada zote wazi kwenye tovuti yao. Aliyezifanyia mazoezi kila wiki atuambie alipata nani wa kumsahihishia.