Naomba ushauri: kulisha maganda ya korosho mfululizo kwenye mtungi wa shinikizo kubwa
Ndugu wataalamu, salaam kutoka Masasi. Tunabangua korosho, na maganda yanayobaki tunataka kuyatoa mafuta kwa kaboni dayoksaidi iliyopita nyuzi 31 za Selsiasi na shinikizo la baa 74, hali ambayo gesi hiyo huyeyusha mafuta kama kimiminika, kwa kuwa kuyakaanga hugeuza asidi ya anakadiki, ambayo ndiyo sehemu kuu ya mafuta hayo, kuwa kemikali nyingine iitwayo kadanoli, ilhali mnunuzi wetu anaitaka asidi hiyo ikiwa nzima.

Kinachonisumbua ni kulisha. Kimiminika husukumwa kwa pampu, lakini maganda makavu hayasukumiki. Kila shehena ikiisha, ni lazima kushusha shinikizo, kufungua kifuniko, kutoa makapi na kujaza upya, na gesi nyingi hupotea. Nimefikiria mitungi mitatu inayopokezana, ambayo naiona salama zaidi, au skrubu inayobana maganda yenyewe yawe kizibo huku gesi ikiingizwa katikati ya pipa lake. Tatizo ni kwamba mafuta ya maganda haya hunata na kuchubua ngozi, na yakichanganyika na vumbi hung'ang'ania kwenye vali.

Je, kuna aliyewahi kuendesha skrubu ya namna hiyo, hata kwa ufuta? Maganda yasagwe kwa ukubwa gani ili gesi ipenye bila chujio kuziba? Na ni mpira gani wa kuzuia uvujaji usiovimba wala kupasuka shinikizo linaposhuka ghafla?